Televisheni Juu ya Cherehani

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Chapuchapu alikuwa wa kwanza kutoka getini. Hakukimbilia mpira, wala hakuna mbwa aliyemfukuza. Alikuwa akiwahi zamu yake nyumbani. Jina la Chapuchapu alipewa na bibi yake, kwa sababu alipokuwa mdogo hakujifunza kutembea kama watoto wengine. Alitoka kutambaa akaingia moja kwa moja kwenye kukimbia. Sasa alikuwa darasa la sita na bado hajapunguza mwendo.

Zamu yake ilikuwa Bibi. Alitupa mkoba kitandani, akanawa mikono, akaingia sebuleni.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mama. Sogea kidogo, umenizibia.”

Chapuchapu akasogea. Bibi alikuwa palepale alipomwacha asubuhi, kwenye kiti kikubwa cha sponji, macho kwenye televisheni. Mjukuu akaanza kazi. Aliupigapiga mto wa mgongoni ukafutuka, akasogeza kigoda chini ya miguu, akaleta maji, akaweka sinia la chakula mapajani pa Bibi na kuliondoa alipokwisha kula. Rimoti aliishika mwenyewe. Alikuwa bingwa wa kazi hiyo: Bibi hakuhitaji kutaja kituo, alikohoa tu na kituo kikabadilika. Majirani walimsifu Chapuchapu kwa utiifu wake, naye alivimba kichwa. Haki ya kuvimba alikuwa nayo, kwani ni watoto wachache wanaojitoa namna ile.

Sheria ya nyumba hiyo ilikuwa moja, na kila mtu aliijua: Bibi asinyanyuke. Akitaka kitu, aletewe. Kijiko kikidondoka, kiokotwe na mwingine. Hata dirisha akitaka kulifunga, alikuwa akikemewa kwa upendo, “Bibi, kaa, sisi tupo kwa kazi gani?”

Mtaani Bibi aliitwa Bi Pindo. Kwa miaka mingi alishona sare za shule, na mapindo yake yalijulikana kila mahali. Mtoto angeweza kupanda mti, kuruka uzio na kuburuzwa na wenzake. Sare ingechanika mabegani na mifukoni, lakini pindo lilibaki. Alishona kwa cherehani cha miguu, kile chenye kikanyagio cha chuma chini na gurudumu kubwa pembeni. Kutwa nzima miguu yake ilikwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na jioni alijitwika kapu la sare akazipeleka nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe. Aliyejidai kufuatana naye alirudi akihema.

Alipokuwa amekula chumvi nyingi, mwanawe akasema imetosha. Mwanawe huyo, baba yake Chapuchapu, alikuwa fundi seremala, mtu mkubwa mpole mwenye vumbi la mbao hata masikioni. Alinunua televisheni pana, akamwambia, “Mama, umetulea kwa miguu yako. Sasa itulize, nasi tukulee.” Alisema hivyo na machozi yakamlengalenga, na Bibi naye akalia, na mama yake Chapuchapu akalia kwa sababu wenzake walikuwa wanalia.

Tatizo likawa mahali pa kuiweka. Ajabu ni kwamba nyumba ya seremala haikuwa na meza ya televisheni. Meza zote alizotengeneza zilikwenda kwa wateja. Baba akaangaza macho, akakiona cherehani. Kichwa cha cherehani kikakunjwa na kulazwa ndani ya meza yake, kifuniko kikafungwa, kitambaa cheupe kikatandikwa, na televisheni ikapandishwa juu. Ilienea barabara. Wote wakapiga makofi, na Bibi akapiga pia.

Mwanzoni Bibi alitazama taarifa ya habari na tamthilia moja ya jioni. Kisha ikaongezeka ya mchana, halafu ya asubuhi. Ikafika mahali akawajua watu wa kwenye televisheni kuliko majirani, tena akagombana nao. “Mjinga wewe, usimfungulie mlango!” alimpigia kelele mwanamke wa kwenye tamthilia, huku mlango wa nyumba yake mwenyewe ukigongwa asiusikie.

Mabadiliko yalikuja polepole, ndiyo maana hakuna aliyeyajali. Ndara zake za kutokea zilikataa kumwingia, kwa sababu miguu ilivimba kila ilipofika jioni. Alilalamika kwamba usingizi wa usiku umempotea, na mchana akasinzia mdomo wazi mbele ya matangazo ya sabuni. Akaanza kusahau. Aliuliza jambo, akajibiwa, kisha akauliza tena. Familia ilisema, “Ni uzee tu,” ikamwongezea mto wa pili.

Siku moja pindo la sketi ya shule ya Chapuchapu lilifumuka. Sketi yenyewe ilikuwa ya dukani, maana Bibi alikwisha kuacha kushona. Chapuchapu akaja nayo sebuleni, na sindano na uzi mkononi.

“Bibi, naomba unishikizie pindo.”

“Subiri tangazo, mama.”

Tangazo lilikuja. Bibi akalitazama tangazo. Tamthilia ikarudi, na sketi ikabaki mapajani pa mjukuu. Kesho yake asubuhi, kwa kuwa Mama alikuwa ameondoka mapema kwenda kuoka mikate kazini, Chapuchapu alichukua stepla ya baba yake akalibana pindo kwa pini, moja baada ya nyingine, kuzunguka sketi nzima.

Darasani pini zilimeta. “Jamani, tazameni!” akasema jirani yake wa dawati. “Mjukuu wa Bi Pindo kavaa stepla!” Wenzake walicheka hadi wakaumwa mbavu. Chapuchapu alijikaza kisabuni, lakini iliuma. Nyumbani hakusema neno. Aliona akisema atamwaibisha Bibi, naye hakutaka hata nzi amguse Bibi.

Wiki ileile, mchana mmoja, umeme ulikatika. Televisheni ikazimika ghafla katikati ya ugomvi wa harusi. Chapuchapu alikuwa jikoni akiosha vyombo. Akasikia Bibi akisonya, kisha kiti kikilia, kisha kishindo.

Alikimbia. Bibi alikuwa sakafuni, mgongo umeegemea kiti, miguu imenyooka mbele yake.

“Bibi! Umeanguka?”

“Sijaanguka, nimeshuka,” Bibi akasema, akacheka. “Nilitaka kwenda mlangoni nione kama na kwa majirani umekatika.” Halafu kicheko kikaisha. Akaitazama miguu yake kwa muda. “Mjukuu wangu, nimeiambia inyanyuke, imenikataa. Miguu hii! Iliyoshonea mtaa mzima!”

Akalia. Chapuchapu alikuwa hajawahi kumwona Bibi akilia kwa huzuni, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa chochote. Alimkumbatia kwa nguvu, kisha akatoka mbio kumwita baba yake karakanani. Safari hii alikimbia kweli.

Asubuhi iliyofuata walikwenda zahanati, Bibi katikati, Baba na Mama wamemshika kila upande, Chapuchapu nyuma na mto. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Alimpima Bibi kila kitu: moyo, damu, mkojo, shinikizo la damu. Mwisho akamwomba afanye jambo dogo. Aketi kwenye kiti cha mbao, akunje mikono kifuani, asimame bila kushika popote.

Bibi alijaribu. Aliinuka kidogo, akarudi. Akajaribu tena, uso ukijikunja kwa juhudi, akarudi tena.

“Nyumbani anafanya nini kutwa?” Daktari akauliza.

“Hafanyi kitu, daktari!” Baba akajibu kwa fahari. “Hatumruhusu. Anatazama televisheni yake kwa raha. Hata kijiko haokoti.”

“Hata kwenda bafuni namsindikiza,” Mama akaongeza.

“Na mimi nashika rimoti,” Chapuchapu akasema, asiachwe nyuma.

Daktari akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu. “Ninyi ni watu wema sana. Natamani wazee wote wangekuwa na familia hii. Lakini sikilizeni. Moyo wake na figo zake, tushukuru, ni salama. Shinikizo limepanda kidogo, tutalitibu. Ugonjwa mkubwa ni kukaa. Misuli ya miguu ndiyo inayosaidia kusukuma damu irudi juu. Isipofanya kazi, maji yanabaki chini na miguu inavimba. Misuli yenyewe inasinyaa, na kwa mtu wa umri wake inasinyaa haraka. Mzee akisinzia mchana kutwa, usiku atalala saa ngapi? Na akili nayo hutaka kuulizwa na kujibu. Televisheni haimwulizi mtu kitu.”

Bibi akainamisha kichwa. “Kwa hiyo nimekwisha, mwanangu?”

“Hujaisha hata kidogo. Ila tukiendelea hivi, hutasimama tena peke yako, na siku ukianguka vibaya utavunjika. Tukianza leo, unaweza kutembea. Televisheni si sumu, tazama unachokipenda. Lakini kila tangazo likija, unasimama. Kwa nguvu zako, watu wakiwa karibu bila kukushika. Unatembea hadi mlangoni, unarudi. Zamani miguu hii ulikuwa unaifanyisha kazi gani?”

“Nilikuwa nakanyaga cherehani.”

“Vizuri mno. Kipo wapi?”

Baba akakohoa. Mama akatazama dari. Chapuchapu ndiye aliyesema. “Kipo chini ya televisheni, daktari.”

Daktari alijitahidi asicheke, akashindwa.

Walipofika nyumbani, Baba akasema alichokuwa anakiwaza njia nzima. “Mama, mimi siwezi. Wewe ushone tena? Watu watasemaje? Watasema mtoto wake amemchoka, anamfanyisha kazi uzeeni.”

Bibi akamshika mkono. “Mwanangu, heshima uliyonipa haina mfano, na Mungu akulipe. Lakini imenikalisha. Afadhali watu waseme nami nimesimama. Waache waseme.”

Baba alifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, jambo lililoyafanya yatoke machozi zaidi. Kisha akaenda karakanani. Jioni hiyo hiyo alirudi na rafu nzuri ya mninga, akaipigilia kwenye ukuta wa mbali, akaihamishia televisheni hapo. Kitambaa cheupe kikatolewa, kifuniko kikafunguliwa, na kichwa cheusi cha cherehani kikainuka kutoka kwenye usingizi wake. Mkanda wake ulikuwa umekakamaa. Mama akakipaka mafuta.

Sasa ikaanza kazi, na kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Chapuchapu. Kwake yeye kumpenda Bibi kulikuwa kukimbia, kuleta, kushika, kuinua. Daktari alikuwa amesema asishike. Tangazo la kwanza lilipokuja, Bibi alikandamiza mikono kwenye kiti, akatetemeka, akanyanyuka nusu. Mikono ya Chapuchapu ikaruka mbele yenyewe.

“Acha!” Bibi akasema.

Basi msichana huyo akabuni njia. Akaipeleka mikono nyuma ya mgongo na kuikamata, mkono wa kulia umeshika wa kushoto, kwa nguvu, kama mtu aliyemshika mwizi. Bibi akapanda, akashuka, akapanda tena. Chapuchapu aliuma midomo na hakuachia. Alipofanikiwa kusimama, Bibi alibaki ameshikilia kiti huku akihema, na wote wawili walikuwa wametoka jasho.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha Bibi akachoka. Magoti yaliuma, nyonga ziliuma, na asubuhi moja alisema leo hasimami. Mchana hakusimama. Jioni tangazo la mafuta lilikuja na kwenda, Bibi yupo kitini amekunja uso.

“Bibi, tangazo.”

“Nimeliona. Nina macho.”

“Daktari alisema…”

“Daktari ana miguu yake! Niacheni nipumzike, mimi ni mzee!”

Baba aliangalia chini, na mtu angeweza kuona kwamba moyoni anarudi kwenye mito na vigoda. Chapuchapu alisimama katikati ya sebule. Alijua sasa hivi ndipo Bibi anapoweza kupotea. Asipoinuka leo, kesho itakuwa ngumu zaidi, na keshokutwa zaidi ya hapo.

Akaenda chumbani. Akarudi na sketi yake ya shule, akaitandaza mapajani pa Bibi, upande wa ndani juu.

Bibi aliitazama. Akavaa miwani. Akapitisha kidole kwenye pindo, na kidole kikachomwa na pini.

“Hiki ni nini?”

“Stepla, Bibi.”

“Nani kaweka chuma kwenye nguo?”

“Mimi. Lilifumuka, ukaniambia nisubiri tangazo.”

“Na umeivaa? Shuleni? Mbele ya watu?”

“Tangu wakati ule. Wananiita mjukuu wa Bi Stepla.”

Bi Pindo alivuta pumzi ndefu. Damu ikampanda usoni, midomo ikabana, na Mama, aliyemjua mkwewe huyo tangu ujana, akarudi hatua nyuma. Bibi alishika sketi kwa mkono mmoja, akakandamiza kiti kwa mwingine, na akasimama. Hakutetemeka sana. Hasira zilikuwa zimemshika kiunoni. Akaenda hatua kwa hatua hadi kwenye cherehani, akaketi kwenye kistuli chake cha zamani kisicho na mto wala pa kuegemea.

“Nileteeni uzi wa bluu. Na zimeni hicho kitu, siwezi kufikiri kwa kelele.”

Baba mwenyewe ndiye aliyezima televisheni.

Bibi akang’oa pini zote. Akaweka mguu kwenye kikanyagio, akasukuma. Gurudumu likageuka kidogo, likasimama. Akasukuma tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Cherehani kikakohoa, kikaanza, mbele na nyuma, mbele na nyuma, polepole sana. Pindo lile lilimchukua muda ambao zamani angeshona sare tatu. Mara mbili alisimama kupumzika, na hakuna aliyemwambia aache. Alipomaliza alikata uzi, akalivuta pindo kwa mikono yote miwili, likakataa kukatika.

“Haya,” akasema. “Kesho walicheke hili.”

Kuanzia siku hiyo hakuhitaji kukumbushwa. Alisimama matangazo yalipokuja, na hata yasipokuja. Nguo zilizofumuka hazikukosekana mtaani, majirani wakaanza kuleta moja moja, na Bibi akawa anazipeleka mwenyewe, kwanza nyumba ya jirani, kisha hadi dukani, kisha hadi mwisho wa barabara. Tamthilia ya jioni hakuiacha, na bado alimtukana yule mwanamke wa mlangoni. Lakini ya mchana alisahau hata jina lake. Uvimbe ukapungua, ndara zikaingia, na usiku alikoroma hadi Mama akawa anafurahi kukosa usingizi.

Siku ya mkutano wa wazazi na wanafunzi, Bibi alisema atakwenda. Alikwenda kwa miguu, bila mkongojo, mjukuu wake pembeni. Alipoingia ukumbini watu walishangaa. Wengi wao walikua ndani ya sare zake, na walikuwa wamesikia kwamba hainuki tena. Wakasimama wote, kila mmoja akamsukumia kiti.

“Karibu uketi, Bi Pindo,” akasema mwalimu mkuu.

“Ahsante, mwalimu,” Bibi akajibu. “Kaeni ninyi. Mimi nimekaa vya kutosha.”

Ukumbi ulicheka, na mwalimu mkuu akamwomba awape wanafunzi neno. Bibi akapanda jukwaani na kuwageukia wanafunzi.

“Wajukuu zangu, kama nyumbani kwenu yupo mzee anayeshinda mbele ya televisheni tangu asubuhi, najua mnampenda. Na mimi nilipendwa sana, nusura nipendwe hadi nishindwe kusimama. Msimpelekee mto. Mpelekeeni pindo. Kama si fundi, mpelekeeni kazi anayoiweza, au mwombeni mfuatane hadi dukani, mkipiga soga njiani. Itamuuma, atawagombeza. Msimwache kwa sababu hiyo. Mwili unaotumika ndio unaobaki kuwa wako. Huyu hapa,” akamwonyesha Chapuchapu, “alinipenda kwa kunishika, na hiyo ilikuwa rahisi. Kisha akajifunza kunipenda bila kunishika, na hapo ndipo nilipoinuka.”

Makofi yakapigwa. Bibi akageuka ashuke jukwaani. Ngazi zilikuwa chache lakini za juu, na pembeni hapakuwa na pa kushika. Mwalimu mmoja akaruka kumsaidia.

“Mwache, mwalimu,” Chapuchapu akasema. “Anaweza.”

Bibi akateremsha mguu mmoja, akautafuta wa pili, akasita, akaupata. Chapuchapu alisimama chini akimtazama, mikono yake ameikamata nyuma ya mgongo hadi vidole vikafa ganzi. Bibi alipofika chini ndipo alipoiachia. Alitaka kumrukia kwa furaha, lakini Bibi alikwisha kumpita, anaelekea mlangoni.

“Umesimama nini?” akamwambia bila kugeuka. “Tembea, mama. Utanichelewesha.”